Kozi ya Kiwango cha Chuo kwa Kijana Anayesomea Nyumbani: Maswali 4 Kabla ya Kulipa

Kama kijana wako anasomea nyumbani na yuko ngazi ya sekondari, huenda umeanza kutafuta kozi ngumu kidogo za mtandaoni, zile za mwalimu anayefundisha moja kwa moja. Nyingi hulipiwa kwa dola, na ukikosea, pesa hazirudi kirahisi.

Binamu yangu alimlipia bintiye kozi ya Marekani iliyoandikwa "saa 1 jioni". Hakuona kwamba ni saa za New York. Hapa Nairobi hiyo ni saa 8 usiku! Mtoto alijikaza wiki chache, akachoka. Kufikia wakati huo, siku za kurudishiwa karo zilikuwa zimepita.

Tumia maswali haya.

1. Kozi inatambuliwa na nani?
Wengi huchagua Advanced Placement, yaani AP, inayosimamiwa na College Board ya Marekani. Mtihani hufanywa Mei na alama ni 1 hadi 5. Vyuo vingi vya huko hutambua kuanzia 3, lakini kila chuo kina sheria zake. Si kila darasa linalojiita AP limeidhinishwa: College Board ina orodha ya kozi zilizoidhinishwa, iitwayo AP Course Ledger, na kuiangalia ni bure. Kama kijana anataka kusomea hapa Kenya, piga simu kwa chuo chenyewe kwanza, uulize kama wanakubali AP au wanataka A Level.

2. Darasa ni saa ngapi, kwa saa zetu?
New York iko nyuma yetu kwa saa 7, kuanzia Machi hadi mapema Novemba. Baada ya hapo ni saa 8, kwa sababu wao hubadilisha saa na sisi hatubadilishi. Darasa la saa 4 asubuhi kule ni saa 11 jioni hapa, kisha linasonga hadi saa 12. Hiyo ni sawa. Uliza pia kama darasa hurekodiwa, maana stima hupotea na bundles huisha.

3. Mtihani atafanyia wapi?
Kulipia kozi si kulipia mtihani. Ada ya mtihani ni tofauti, na anayesomea nyumbani lazima atafute shule inayosimamia AP na kukubali watahiniwa wa nje. Usajili hufungwa miezi mingi kabla ya Mei. Kwa hivyo tafuta kituo kwanza, kozi baadaye.

4. Nikijitoa, narudishiwa pesa?
Soma tarehe ya mwisho ya kujitoa na uiweke kwenye kalenda ya simu. Ukiweza, lipa kwa awamu, au anza na somo moja.

Sasa, kulipa kwenyewe:

- Kwa shule ya nje, tumia kadi pepe kwenye tovuti ya shule yenyewe, si kupitia linki uliyotumiwa kwa WhatsApp.
- Geuza dola kuwa shilingi kabla ya kulipa na uache nafasi kidogo, kwani kiwango hubadilika na kunaweza kuwa na ada ya ubadilishaji.
- "Ajenti" akikuambia utume karo kwa namba yake binafsi, simama. Angalia jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Kama si la shule, usitume.
- Hifadhi ujumbe wa malipo na risiti ya shule. Ukidai kurudishiwa, ndio ushahidi wako.

Leo jioni, kaeni na kijana wako mjibu maswali haya manne pamoja. Likibaki moja bila jibu, waandikie shule barua pepe na msubiri jibu. PIN yako haina haraka.