Uchungu wa Mwana: Funzo Kutoka kwa Filamu ya Supa Modo

Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wakanena tena kwamba kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Methali zote mbili zinamtetea mzazi anayeogopa. Je, woga huo unaweza kumdhuru mwana? Swali hilo lilinijia nilipoitazama filamu ya Supa Modo.

Muhtasari

Supa Modo ni filamu ya Kenya iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Ilionyeshwa mara ya kwanza Berlin, Ujerumani, mwaka wa 2018, na mwaka huo huo ikateuliwa kuiwakilisha Kenya katika tuzo za Oscar. Wahusika wanachanganya Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza, vile sisi hapa Ukambani tunavyochanganya lugha siku ya soko.

Jo (Stycie Waweru) ni msichana wa miaka 9 mwenye ugonjwa usio na tiba. Anapenda sana filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Madaktari wanaposhindwa, mama yake, Kathryn (Marianne Nungo), anamrudisha nyumbani kijijini Maweni ili awe karibu naye siku zake za mwisho.

Wahusika

Mama anataka Jo apumzike, asitoke nje. Dada mkubwa, Mwix (Nyawara Ndambia), anaona upweke unamwumiza mdogo wake. Basi anamtoa nje na kuwashawishi wanakijiji wajifanye kwamba Jo kweli ana nguvu za ajabu. Mama anapogundua, anawaka. Lakini mwishowe kijiji kizima kinaungana kutengeneza filamu, na shujaa wa filamu hiyo ni Jo mwenyewe. Jo anafariki, ila kwanza amepata kuishi alivyotamani.

Maudhui

Tulipoijadili filamu hii, wenzangu wengi walisema mama ni mhusika mbaya. Mimi napinga. Mhusika mbaya hutaka kuumiza. Huyu mama alikuwa anampenda mtoto wake kupita kiasi, na hofu ikamfunga macho. Alihesabu siku zilizobaki, akasahau kumwuliza Jo angependa kuzitumia vipi. Hilo ndilo kosa lake. Mwix naye si malaika, kwa maana alifanya mambo kisirisiri. Mtunzi anatuonyesha watu wawili wanaompenda mtoto mmoja na hawasikilizani.

Wengine watasema Jo ni mtoto mdogo, sisi vijana yatuhusu nini? Kusema kweli, yananihusu mimi. Nina pumu. Nilipokuwa darasa la nne nilishikwa usiku, nikapelekwa hospitalini kwa bodaboda, mama amenikumbatia kwa nyuma njia nzima. Tangu usiku ule, siruhusiwi kucheza kandanda, na wakati wa kiangazi, vumbi likitimka, natoka shule na kuingia nyumbani moja kwa moja. Susu yangu anaishi Kitui, ng'ambo ya Mto Athi, nasi tuko Makueni. Sijalala kwake miaka 6. Mama husema kwa susu hospitali iko mbali. Nimewahi kumjibu vibaya kwa sababu ya jambo hilo, na ninajuta.

Baada ya kuitazama filamu, nilimhadithia mama tukichagua ndengu jioni. Nilimsimulia yote, hata mwisho. Alinyamaza muda mrefu, mikono ikiendelea na kazi. Kisha akauliza, "Na huyo mama, alikuja kujuta kwamba alimwacha atoke?"

Nilimwambia, "La, mama. Nadhani angejuta kama hangemwacha."

Hakusema kitu. Siku ya tatu, nikivaa viatu niende shule, aliniambia, "Likizo ya Agosti utaenda kwa susu. Lakini hiyo inhela iwe mfukoni, si kwa begi. Umesikia?"

Nimesikia.

Funzo

Wenzangu, tusikimbilie kusema wazazi wetu ni wakali. Ukimwuliza mzazi anaogopa nini hasa, pengine utapata usiku mmoja kama ule wangu. Mjibu kwa adabu na umwonyeshe utakavyojitunza. Nanyi wazazi na walimu mtakaosoma makala haya, twawaomba mtulinde, ila mtuulize pia tunatamani nini. Kifaranga huchakura karibu na mamaye, lakini huchakura.

Maswali ya kujipima

1. "Mama wa Jo si mhusika mbaya." Jadili kwa kutoa mifano mitatu kutoka kwenye filamu.
2. Je, uongo wa Mwix na wanakijiji ulifaa? Toa maoni yako.
3. Andika mazungumzo kati ya mzazi na kijana anayeomba ruhusa ya kusafiri. Kila mmoja amsikilize mwenzake.