Uvumi wa Ardhi Kijijini: Upimwe Vipi?

SWALI: Katika kijiji cha Ololosokwan, kaskazini mwa Tanzania, uvumi kuhusu ardhi hufika kwa simu kabla ya barua yoyote. Mwanakijiji afanye nini?

JIBU: Aanzie kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila mkutano huo kuidhinisha. Anayeambiwa "ardhi imeshatolewa" aulizie muhtasari wa mkutano: kikao kipi, tarehe gani? Nao usomwe kwa Kimaasai pia, ili wazee, akina mama na vijana wachungaji waulize.

Kesi ya kijiji chenyewe inafundisha. Mwaka 2017 vijiji vya Ololosokwan, Kirtalo, Oloirien na Arash viliishtaki serikali katika Mahakama ya Afrika Mashariki, vikipinga watu kuondolewa kwenye ardhi. Mwaka 2018 vilipata amri ya muda ya kuzuia hatua hiyo. Mwaka 2022 kesi ikatupwa. Mwaka 2023, katika rufani, ikaamriwa isikilizwe upya. Ujumbe wa "tumeshinda" au "tumeshindwa", usio na tarehe, ungepotosha katika kila hatua.

Ofisi ya umma ikikaa kimya, mwanakijiji aombe taarifa kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa siku 30 za kujibu.