Udumishaji na Usalama wa Mtandao wa Tarakilishi katika Shirika Dogo

Makala haya yanajadili kazi za kila juma zinazodumisha mtandao wa tarakilishi katika shirika dogo, hasa utunzaji wa nakala. Kwa shirika dogo tunakusudia asasi kama chama cha akiba na mikopo: tarakilishi kumi hivi, seva moja yenye kumbukumbu za wanachama, ruta inayoiunganisha ofisi na intaneti, na fundi mmoja ambaye aghalabu ana majukumu mengine. Chama cha namna hii kikipoteza kumbukumbu hizo, hakina tawi jingine la kuziomba. Mwanachama aliyeweka akiba kwa miaka ishirini atabakia na risiti zake tu, endapo alizitunza.

Kazi ya kwanza ni kusasisha programu. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa fulani katika mfumo wa Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, programu hasidi iitwayo WannaCry ilipenya kupitia ufa huo, ikafunga faili za watu na kudai fidia. Hospitali nyingi za Uingereza ziliathirika. Dawa ilikuwapo kwa takriban miezi miwili. Waliougua wengi ni wale ambao hawakuitumia. Yafaa basi kutenga jioni moja kila juma kwa kazi hii, na kuandika daftarini ni tarakilishi zipi zimekamilika. Ruta nayo isisahauliwe, kwani ina programu yake na nywila yake ya kiwandani, ambayo mara nyingi hakuna aliyewahi kuibadilisha.

Mintarafu ya nywila, desturi ya kuwalazimisha wafanyakazi kuzibadilisha kila baada ya miezi michache haina tija kubwa. Watu hubadilisha tarakimu ya mwisho tu, au hubandika karatasi kwenye kioo cha tarakilishi. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri mwaka 2017 kwamba desturi hiyo iachwe, na nywila ibadilishwe pale panapokuwa na dalili kwamba imevuja. Hatari iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni akaunti ya mfanyakazi aliyeondoka ambayo bado iko wazi. Na ifungwe siku ileile anayorudisha funguo za ofisi.

Hata hivyo, kusasisha na kufunga milango hakutoshi. Tarehe 27 Juni 2017 programu hasidi nyingine, NotPetya, ilianza kusambaa kupitia sasisho la programu ya uhasibu iliyotumika sana nchini Ukraine. Waliosasisha kwa uaminifu ndio walioipokea kwanza! Kampuni ya meli ya Maersk iliathirika vibaya. Kwa mujibu wa jarida la Wired la mwaka 2018, kampuni hiyo ilikuwa na seva zipatazo 150 zilizotunza orodha ya watumiaji na haki zao, na kila moja ilinakili kutoka kwa nyingine. Zote zilifutwa kwa pamoja, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana: umeme ulikuwa umekatika huko, na seva hiyo ilikuwa nje ya mtandao. Diski yake ilisafirishwa hadi Uingereza, na data iliyokuwamo ikasaidia kuujenga upya mtandao.

Hapa istilahi zetu zina jambo la kutufunza. Wapo wanaosema nakala rudufu, na wapo wanaosema nakala ya akiba, kana kwamba ni visawe. Nakala za Maersk zilikuwa rudufu, tena mara 150, lakini hazikuwa akiba. Akiba hutengwa. Vivyo hivyo, diski iliyochomekwa kwenye seva usiku na mchana ni rudufu tu. Kinachoifika seva kitaifika nayo.

Kwa ofisi yetu ya mfano, diski mbili za kupokezana zatosha. Moja inakili, nyingine imefungiwa mahali pengine nje ya jengo, kisha Ijumaa zinabadilishana. Data iliyomo isimbwe, kwa sababu diski huibwa. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inalitaka shirika limjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua kwamba taarifa za watu zimefikiwa na asiyeruhusiwa, iwapo pana hatari halisi ya madhara kwa wenyewe.

Isitoshe, akiba ya tarakilishi, tofauti na ile ya methali, huoza. Diski huharibika kimyakimya, na programu ya kunakili huweza kukwama kwa miezi kadhaa bila yeyote kutambua. Kwa hivyo kila mwezi faili kadhaa zirejeshwe kwenye tarakilishi nyingine, zifunguliwe, na salio la mwanachama mmoja au wawili lilinganishwe na daftari. Jaribio hilo lifanywe na mtu asiye fundi, akifuata maelezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili anachokielewa, kwa maana siku ya janga huenda fundi akawa safarini.