Usibahatishe Anwani ya Ruta, Mdogo Wangu

Wadogo zangu, leo nazungumza na mnaoanza kazi ya kompyuta kwenye ofisi za watu. Umeajiriwa, au umepata kibarua shuleni, kwenye duka la dawa, kwa mawakili. Fundi aliyekutangulia ameondoka bila kuacha hata karatasi. Bosi anasema nenosiri la waifai limefika mpaka kwa majirani, libadilishwe leo. Unafungua kivinjari, unaandika 192.168.1.1, ukurasa unazunguka weee, hakuna kitu. Unajaribu 192.168.0.1. Unajaribu nyingine uliyoiona mtandaoni. Bosi keshapita nyuma ya kiti chako mara mbili, na jasho limeanza kukutoka.

Acha kubahatisha. Namba hizo ni mazoea tu, hazimfungi mtu. Waraka uitwao RFC 1918, wa Februari 1996, umetenga mafungu matatu ya anwani za matumizi ya ndani: zinazoanza na 10, zinazoanzia 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza na 192.168. Ukizijumlisha zinapita milioni 17, na aliyefunga mtandao wa ofisi hiyo alikuwa huru kuchagua yoyote. Viwanda navyo kila kimoja kina chaguo lake. MikroTik hutoka na 192.168.88.1, ruta nyingi za TP-Link 192.168.0.1, vifaa vya faiba vya Huawei mara nyingi 192.168.100.1. Halafu fundi makini huzibadilisha siku hiyohiyo anapofunga.

Sasa sikiliza: kompyuta yako anwani ya ruta inayo tayari. Ilipojiunga na mtandao ilipewa namba yake, ikapewa mipaka ya mtandao, ikaelezwa pia kila kinachokwenda nje ya ofisi kipitie kifaa gani. Kifaa hicho ndicho ruta unayoitafuta. Kama isingekijua, usingeweza kufungua hata barua pepe moja.

Kwa hiyo iulize. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter, kisha andika ipconfig. Tafuta mstari wa Default Gateway. Kwenye Mac ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, fungua Details, halafu TCP/IP. Namba iko mbele ya neno Router. Linux andika ip route, usome mstari unaoanza na default. Huna kompyuta karibu? iPhone inakuonyesha ukigusa alama ya i pembeni ya jina la waifai, na simu nyingi za Android zinayo kwenye maelezo ya waifai uliyounganishwa, panapoandikwa Gateway.

Hapo wengi hufurahi mapema, ndiyo maana nataka tukae kidogo.

Ipconfig hukuletea orodha ndefu, na si kila kilichomo kinahusu ofisi. Kama kompyuta ina VirtualBox utaona 192.168.56.1, na hiyo haitoki nje ya kompyuta yako. Kama umewasha VPN, zima kwanza, isikuchanganye na njia zake. Kama umeunganisha intaneti kutoka kwenye iPhone yako ukasahau, utaletewa 172.20.10.1, nawe utahangaika kutafuta ruta iliyo mfukoni mwako. Soma sehemu ya waifai au ya kebo unayoitumia kweli. Ukikuta herufi ndefu zinazoanza na fe80, usishtuke, hiyo ni anwani ya IPv6. Ya kawaida huandikwa chini yake.

Ukiona kompyuta imejipa namba inayoanza na 169.254, hapo hakuna ruta ya kusoma. Maana yake iliomba anwani, haikujibiwa na yeyote, ikajitwalia ya dharura. Kagua kebo, jaribu tundu jingine ukutani, angalia kama kifaa cha kugawa anwani kimewaka. Usianze na kivinjari.

Jambo jingine linalowapotezea watu muda: kisanduku chenye antena ukutani si lazima kiwe ndicho chenye anwani uliyoipata. Ofisi nyingi zina kifaa cha faiba cha kampuni ya intaneti, nyuma yake ruta ya ofisi, halafu visanduku vya kusambaza waifai kila ghorofa. Nenosiri la waifai linaweza kuwa linawekwa kwenye hivyo vya mwisho, vyenye anwani zao wenyewe. Ili ujue mpangilio, kwenye Windows andika tracert -d 8.8.8.8. Mstari wa kwanza ni ruta iliyo karibu nawe. Wa pili nao ukiwa na namba ya ndani, kama 192.168 nyingine, kuna uwezekano mkubwa kwamba kuna ruta mbili, moja nyuma ya nyingine.

Kujua anwani uliyoipata ni ya kisanduku kipi, andika arp -a. Mbele ya anwani ya ruta utaona namba ya MAC yenye tarakimu na herufi 12. Geuza kisanduku, soma kibandiko cha chini, linganisha. Zikifanana, umekipata. Zikitofautiana tarakimu ya mwisho tu, bado huenda ni hichohicho, kwa kuwa kifaa kimoja huwa na MAC kadhaa zinazofuatana. Njia hii naipenda kuliko zote, maana inakulazimisha uinuke kitini ukavione vifaa kwa macho yako.

Na anwani sahihi ikikataa kufungua ukurasa? Weka https mbele yake. Angalia kama umejiunga na waifai ya wageni, ambayo kwa kawaida huzuiwa kufika kwenye ruta; kama ndivyo, chomeka kebo. Kama ni MikroTik, programu yao ya Winbox inaweza kukiona kifaa kwa MAC, hata pale usipojua IP yake, mradi mko kwenye mtandao mmoja.

Lakini mdogo wangu, kupata anwani si ruhusa ya kuingia. Mgeni akihamia mtaani hujitambulisha kwa mjumbe kabla ya kuchimba msingi, nawe fanya hivyo. Mwambie bosi unachotaka kugusa, naye akujibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa WhatsApp. Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, Kenya wana yao ya 2018, na zote zinahesabu kuingia kwenye mfumo wa watu bila idhini kuwa kosa la jinai. Kifaa cha faiba mara nyingi ni mali ya kampuni ya intaneti. Kwa hicho, wapigie wao. Nawaambia haya kwa sababu kijana mwenye nia njema ndiye anayebebeshwa lawama mtandao ukizima.

Kuna kitundu kidogo nyuma ya ruta, kinachobonyezwa kwa sindano. Ukikishikilia, nenosiri la fundi aliyeondoka linafutika na anwani ya kiwandani inarudi, kwa hiyo kinavutia sana. Kinafuta pia jina na nenosiri la kuunganishia kampuni ya intaneti, namba zilizotengewa mashine za kuchapa, na kila kitu kingine. Usikiguse saa za kazi, na usikiguse kabisa mpaka uwe na taarifa za kuunganishia mkononi, umezipata kutoka kampuni yenyewe, na umejaribu kumpigia simu fundi wa zamani. Mara nyingi anapokea.