Je, Aliyetiwa Hatiani Aruhusiwe Kugombea?

Kila uchaguzi unapokaribia, swali moja hurudi katika mazungumzo ya watu, barazani, sokoni na hata nje ya kanisa baada ya Misa: je, yafaa mtu aliyehukumiwa na mahakama kwa kosa la jinai aruhusiwe kuomba kura za wananchi? Wengine hujibu upesi kwamba mwizi ni mwizi. Wengine hujibu upesi vilevile kwamba Mungu husamehe, basi nasi tusamehe. Twaona kwamba kila jibu lina sehemu ya ukweli, wala hakuna hata moja linalotosha. Kwa hiyo twapenda leo kulichungua jambo hili pamoja na wasomaji wetu, tukiongozwa na akili na mafundisho ya Kanisa.

Tuanze na msamaha. Mkristo hawezi kusema kwamba aliyeanguka ameanguka milele. Petro alimkana Bwana, na Paulo aliwatesa waamini, hata hivyo wote wawili wakawa nguzo za Kanisa. Lakini tuangalie vizuri. Petro hakukabidhiwa kundi ila baada ya kuulizwa mara tatu kama ampenda Bwana. Naye Zakayo hakuishia katika kujuta. Aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Ndiyo maana katekisimu yatufundisha kwamba aliyeiba, hata akiisha kuondolewa dhambi yake, bado apaswa kurudisha mali ya watu.

Tutoe mfano ulio karibu. Mtunza hazina wa kigango ameiba fedha za sadaka. Ameungama, amejuta, amelipa. Je, tumkatalie Komunyo Takatifu? Hasha! Tumkatalie mkono wa salamu? Hapana. Lakini je, Jumapili ifuatayo tumpe tena ufunguo wa sanduku? Hakuna mzee wa kigango mwenye busara atakayefanya hivyo. Si kwamba hajasamehewa. Bali fedha zile si zake wala si zetu, ni amana ya watu wengi. Na siasa ndivyo ilivyo. Kuomba uongozi ni haki ya raia, lakini uongozi wenyewe ni amana. Msamaha hutolewa kwa siku moja. Imani ya watu hujengwa polepole.

Sheria za nchi nyingi zimelitambua jambo hilo. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 67, yamzuia kuwa mbunge mtu aliyepewa adhabu ya kifo au ya kifungo kinachozidi miezi sita kwa kosa linaloambatana na utovu wa uaminifu. Tena yamzuia yule ambaye katika miaka 5 kabla ya uchaguzi alifungwa kwa kosa la namna hiyo, au kwa kuvunja sheria ya maadili ya viongozi wa umma. Anayetaka Urais, ibara ya 39 yamtaka pia awe hajatiwa hatiani kwa kukwepa kodi katika miaka 5 hiyo. Msomaji aone hekima iliyomo: sheria haimfungii mlango kila aliyewahi kusimama kizimbani. Yauliza hasa kama mtu huyo alikuwa mwaminifu.

Na kwa nini isimfungie kila mtu? Historia yetu wenyewe yatujibu. Mwaka 1958 Mwalimu Julius Nyerere alishtakiwa katika mahakama ya kikoloni kwa maneno aliyoyaandika katika gazeti la chama chake juu ya wakuu wa wilaya. Alitiwa hatiani, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6, naye akalipa faini. Mwaka uleule akachaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Jirani zetu wa Kenya walimwona Mzee Jomo Kenyatta akihukumiwa miaka 7 mwaka 1953. Mwaka 1962 aliingia katika Baraza la nchi yake, na mwaka 1963 akawa Waziri Mkuu. Nelson Mandela alikaa gerezani miaka 27, kisha mwaka 1994 akawa Rais wa Afrika Kusini. Sheria ambayo ingewazuia wote hao isingekuwa ngao ya wananchi, bali silaha mkononi mwa mtawala. Maana mtawala mwovu akijua kwamba hukumu moja yatosha kumwondoa mpinzani wake, hatakosa kutafuta mashahidi.

Jambo hili lilionekana waziwazi katika nchi ya Brazili, yenye Wakatoliki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Huko waamini na raia wengine, wakisaidiwa na Baraza la Maaskofu, walikusanya sahihi za watu zaidi ya milioni moja kudai sheria ya kuwazuia wahalifu kugombea. Mwaka 2010 sheria ikapatikana: aliyehukumiwa na jopo la mahakimu kwa makosa makubwa asigombee kwa miaka 8. Rais aliyeitia sahihi alikuwa Luiz Inácio Lula da Silva. Miaka 8 baadaye, mwaka 2018, sheria hiyohiyo ilimzuia yeye mwenyewe kugombea, kwa kuwa alikuwa amehukumiwa kwa rushwa. Lakini mwaka 2021 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi ile ilizifuta hukumu zake, ikisema kwamba mahakama iliyomhukumu haikuwa na mamlaka ya kusikiliza kesi zile. Ikaona pia kwamba hakimu hakuwa mwadilifu kwake. Mwaka 2022 akagombea tena, akashinda. Je, sheria ilikuwa mbaya? Hatusemi hivyo. Twasema tu kwamba sheria njema yahitaji mahakama njema, la sivyo huwa kama panga kali mikononi mwa mtoto.

Basi twaona yafuatayo. Kwanza, kizuizi kiwe kwa makosa yanayogusa amana yenyewe: wizi, rushwa, ulaghai, kughushi, na umwagaji wa damu. Maneno makali juu ya Serikali, au kusimama mkutanoni bila kibali, si makosa ya namna hiyo. Pili, kisianze kabla rufani hazijaisha. Mshtakiwa si mkosaji, na Katiba ya Tanzania yenyewe yakataza kumtendea hivyo mpaka ithibitike. Kenya nayo imeandika katika Katiba yake ya mwaka 2010 kwamba mtu hazuiwi kwa hukumu hadi njia zote za rufani zimalizike. Tatu, kiwe na mwisho, ili aliyeanguka apate sababu ya kuinuka. Nne, asirudi kuomba kura kabla ya kurudisha alichokichukua.

Lakini tusijidanganye kwamba sheria itatufanyia kazi yetu yote. Sheria humwona aliyekamatwa tu. Wako wengi wasiopata kusimama kizimbani, ambao huja vijijini usiku na vitenge, sukari na noti, wakinunua watu kama mbuzi wa mnadani. Hao hawana hukumu ya mahakama. Hukumu yao iko mkononi mwa mpiga kura. Naye anayepokea, je, ni msafi? Akubaliye kuuza kura yake amewauza pia watoto wake, kwa maana dawa itakayokosekana zahanati ndiyo itakayomrudishia mnunuzi fedha zake. Yethro alimshauri Musa achague watu wanaomcha Mungu, wa kweli, wanaochukia mapato ya udhalimu. Kipimo hicho hakijachakaa.

Kwa hiyo twawasihi wazazi: jioni, baada ya sala, zungumzeni na vijana wenu juu ya wanaoomba kura. Ulizeni: mtu huyu alipokosea, alikiri au alificha? Alirudisha au alikula? Tangu hapo ameishije na jirani zake? Tena watoto na waone kwamba baba halipi rushwa ili apate haki, na kwamba mama hudai chenji sahihi na kurudisha iliyozidi. Mtoto aliyelelewa hivyo hatadanganyika kwa kilo ya sukari, na pengine siku moja ndiye atakayeombwa na watu awaongoze.

Mwenyezi Mungu atujalie mahakimu wasioogopa mtu, viongozi wasiopenda fedha, na wapiga kura wasiouzika.