Ajali moja, kesi mbili: wakili wa kutafuta, na lini

Ajali ya barabarani nchini Kenya huzaa kesi mbili. Ya kwanza ni ya jinai, Jamhuri dhidi ya dereva, mbele ya hakimu. Ya pili ni ya madai, aliyeumia dhidi ya dereva na mwenye gari, na nyuma yao kampuni ya bima. Dereva aliyeshikwa Ijumaa usiku akinuka pombe huiona ile ya kwanza tu. Jumatatu asubuhi, kwenye benchi la mahabusu, mwenzake anamnong'oneza: kubali makosa, utapigwa faini, utaenda nyumbani. Anakubali, analipa, anaondoka.

Asichokijua ni kwamba kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinaifanya hukumu ile, isipokatiwa rufaa, kuwa ushahidi usiopingika kwamba alitenda kosa hilo. Wakili wa aliyegongwa atakuja na nakala yake kwenye kesi ya fidia. Dereva atakuwa amebakiwa na hoja mbili tu: kwamba aliyeumia naye alichangia ajali, na kwamba pesa anazodai ni nyingi mno. Ndiyo maana wakili hutafutwa kabla ya kujibu mashtaka. Ukiulizwa na hakimu kama unakubali au unakataa na bado huna mtu wa kukushauri, una haki ya kuomba muda wa kumpata.

Haki zako huanzia kituoni. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka uambiwe mara moja, kwa lugha unayoielewa, kwa nini umekamatwa. Unaweza kunyamaza. Unaweza kuwasiliana na wakili. Lazima ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya korti kama saa hizo zimeishia usiku au wikendi. Dhamana ni haki yako kwa masharti ya kadiri, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kukunyima. Pesa za dhamana zina risiti; asiyetaka kukuandikia risiti hakutozi dhamana.

Kuhusu kosa lenyewe, watu wengi hudhani namba iliyotoka kwenye kifaa cha kupima pumzi, Alcoblow, ndiyo kesi yote. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinazungumzia mtu aliyelewa kiasi cha kushindwa kulidhibiti gari ipasavyo, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilizikosoa kanuni za kifaa hicho kwa kwenda kinyume na sheria hiyo. Hapo ndipo wakili anayejua kazi yake hufanya tofauti: atauliza askari aliona nini, gari lilikuwa likiendeshwaje, daktari aliandika nini. Lakini usilewe matumaini. Kifungu hichohicho kinamgusa anayeendesha, anayejaribu kuendesha, na hata yule ambaye gari liko mikononi mwake barabarani bila kwenda popote. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili, na leseni nayo huwa hatarini.

Wakili huyo awe wa karibu. Karibu na korti, nasema, si karibu na nyumbani kwako. Ukigonga mtu Voi ukitoka Mombasa, kesi ya trafiki itasikizwa Voi, na itatajwa na kuahirishwa mara nyingi kuliko unavyofikiri. Wakili wa Mombasa atakutoza safari kila mara, au atamtuma mwenzake ambaye hajawahi kulifungua faili lako. Wa Voi anajua karani yupi wa kumuuliza kuhusu faili lililopotea.

Sasa tugeukie aliyeumia, ambaye mara nyingi ndiye anayepunjwa zaidi. Kwanza hospitali, siku ileile, na kila karatasi itunzwe. Kisha ripoti kituoni, fomu ya P3 ijazwe na daktari, na upate ripoti fupi ya polisi, ile wanayoiita abstrakti, yenye namba ya gari, jina la mwenye gari na bima yake. Kesi ya uzembe ina miaka 3 tangu siku ya ajali. Ikiwa gari ni la serikali, muda ni miezi 12 tu, na hapo wengi huachwa na gari la moshi.

Usikate tamaa ukisikia dereva alikuwa amelewa, eti bima haitalipa. Sheria ya bima ya magari, Sura 405, haiiruhusu kampuni kumkwepa mtu wa tatu kwa kisingizio cha hali ya mwili au akili ya dereva. Inamlipa aliyeumia, kisha inaweza kumgeukia mteja wake. Malipo hayo yana kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kampuni lazima ipewe notisi ya kesi kwa siku zilizowekwa, basi mwombe wakili wako nakala ya notisi iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Na usitie saini hati ya kukubali malipo ukiwa bado na chuma mguuni. Ukishatia, madai yamekwisha.

Jihadhari na yule anayekuja wodini na fomu. Huyo si wakili, ni dalali, na sheria inakataza mawakili kutafutiwa wateja hivyo. Jina la wakili lithibitishwe kwa Chama cha Mawakili, LSK: cheti chake huhuishwa kila mwaka, na asiye nacho mwaka huu haruhusiwi kukuwakilisha. Ahadi ya "hulipi hata senti mpaka tushinde" inavutia, lakini kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili hakitambui mapatano ya malipo yanayotegemea ushindi peke yake. Dai mapatano ya maandishi yanayotenga ada ya wakili na gharama za korti, daktari na kupeleka hati. Mpe namba ya simu isiyobadilika, na uandike kwenye mapatano hayo kwamba utajulishwa siku hundi ya bima itakapoingia.

Hundi ikiingia na wakili akaanza kutopokea simu, usimfuate ofisini kwa ugomvi. Andika barua kwa tume ya malalamishi dhidi ya mawakili, ambatanisha mapatano, abstrakti na nakala ya hukumu. Huhitaji wakili mwingine kuiandika, na inaweza kuandikwa kwa Kiswahili.