Badili Kifaa Kwanza
Kipindi cha sanaa kwa watoto wenye mahitaji maalumu: kijitabu cha walimu na wazazi

Mtoto akimwaga rangi kipindi cha sanaa, hutolewa nje. Wiki inayofuata hukalishwa karibu na mlango, na mwisho hupewa kazi ya kufuta ubao wenzake wakichora. Mwalimu hana roho mbaya. Darasa limefurika na kipindi ni kifupi. Lakini Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inampa mtoto huyo haki ya kusoma pamoja na wenzake, na sanaa ni somo kama hesabu. Ushauri wetu ni mmoja: kabla ya kumtoa mtoto, badili kifaa.

Mmarekani Judith Scott alizaliwa mwaka 1943 akiwa na hali ya Down. Alikuwa pia kiziwi, jambo ambalo halikutambuliwa kwa miaka mingi, akahesabiwa kuwa hafundishiki. Mwaka 1987 dada yake pacha alimpeleka kwenye kituo cha sanaa cha Creative Growth, Oakland. Aliwekewa penseli na rangi, hakuvutiwa. Siku alipokutana na nyuzi, alianza kuviringisha na kufunga vitu mbalimbali mpaka vikawa sanamu kubwa za rangi. Alifariki mwaka 2005. Kazi zake zimo katika makumbusho ya sanaa. Kilichobadilika ni kile alichowekewa mezani.

Mkono na kifaa

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo mara nyingi anajua anachotaka kuchora, ila brashi inamponyoka. Chukua kandambili iliyochakaa, kata kipande cha ukubwa wa limau, kitoboe katikati, kisha pitisha mpini wa brashi humo. Sasa anaushika kwa kiganja kizima. Karatasi ibandikwe mezani kwa selotepu pembe zote nne ili isimkimbie. Brashi ikishindikana, gunzi la mahindi au kipande cha sponji ya godoro hupiga chapa nzuri.

Asiyeona anafaidika sana na udongo wa mfinyanzi. Akitaka picha, bandika uzi wa katani kwenye karatasi ngumu, apapase mchoro kwa vidole. Kiziwi naye hawezi kutazama mikono yako na karatasi yake kwa wakati mmoja: onyesha, ngoja, ndipo achore.

Kuhusu rangi, tuwe waangalifu. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha mtindo unaobeba jina lake jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi za mafuta za kupaka baiskeli. Mtindo wenyewe unafaa mno: mnyama mmoja mkubwa, na madoadoa yanayoweza kupigwa kwa ncha ya kidole. Rangi ile iacheni dukani. Harufu yake ni kali, na husafishwa kwa thina. Kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni, koroga uji mzito wa ngano, gawanya katika vikopo, tia manjano, maji ya rosela yaliyochemshwa au unga wa mkaa.

Huyu anayeitwa mtukutu

Hapa ndipo walimu wengi hukata tamaa. Tazama fujo inaanza saa ngapi. Mara nyingi ni wakati wa kusubiri vifaa, au pale unaposema ghafla, "Kusanyeni!" Mtoto mwenye usonji, au asiyeweza kutulia, anavurugwa na kutojua kinachofuata.

Panga vifaa mezani kabla hawajaingia. Mpe rangi mbili, zisiwe nane. Chora hatua tatu kwenye kadi, uzibandike mbele yake; akimaliza moja anaigeuza. Chupa mbili za maji zilizounganishwa mdomo kwa mdomo, zikiwa na mchanga mkavu ndani, zinamwonyesha muda unavyokwisha. Jaribu nyumbani kwanza, maana mchanga wenye unyevu hauteremki.

Kuna watoto ambao gundi kidoleni huwachoma kama moto. Usiwalazimishe, wape kijiti. Na kunyimwa sanaa kusiwe adhabu ya makosa ya kipindi cha hesabu.

Kwa mzazi

Kama nyumbani yupo bibi anayesuka ukili, mkalishe mtoto pembeni yake. Kurudia rudia kwa mkono kunawatuliza wengi, hata wasipofika mwisho wa safu.

Tafadhali usimchoree. Tunazijua picha za maonyesho ambazo nyumba imenyooka kama imepigwa rula na jina la mtoto limeandikwa chini. Akiomba msaada, chora ya kwako kwenye karatasi nyingine. Nyuma ya kila kazi yake andika tarehe, kifaa alichotumia na msaada aliopewa. Akihamia darasa jingine, mkabidhi mwalimu mpya rundo hilo, pamoja na brashi yake yenye kandambili.